Mistari ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche, na mkewe ukamwita Redio. Majina yote mawili yalikuwa ya haki. Mume alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa mageti na grili za madirisha, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo ya cheche. Mke alikuwa mtu wa maneno. Si umbea, asije akafikiriwa vibaya. Alipenda tu kuzungumza, kama wengine wanavyopenda sukari. Aliongea na muuza mkaa, akaongea na paka, akaongea na sufuria ikichelewa kuchemka. Fundi akirudi jioni alivua viatu mlangoni, akakaa, na habari za siku nzima zikaanza kumiminika bila yeye kuulizia hata moja. Alichotakiwa ni kuitikia "ehe" mahali panapofaa. Hata hilo mara nyingine lilimshinda, akasema "ehe" mahali pa "maskini", na wote wawili wakacheka.

Sala ya jioni nayo ilikuwa kazi ya mke. Mke anaomba, mume anasema amina. Ndivyo walivyogawana tangu walipooana, na hakuna aliyeona kasoro.

Asubuhi moja mke alikuwa anaanika nguo, kiharusi kikamwangusha chini ya kamba. Jirani yao, dereva wa lori, alimbeba mikononi hadi kwenye gari bila kungoja kuombwa. Hospitali ikampokea, akalazwa, akapona kwa kiasi cha kupona. Alirudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umekwenda upande, na sauti haipo kabisa. Akili ilikuwa timamu, macho yalionyesha hivyo. Daktari alisema sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi. Fundi, aliyezoea kazi za vipimo, hakuipenda kauli hiyo hata kidogo.

Nyumba ikawa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomwelemea kuliko kazi zote alizoongezewa, na kazi zilikuwa nyingi. Alijifunza kupika uji usio na madonge. Alijifunza kumgeuza mkewe kitandani kama nesi alivyomwonyesha, goti likunjwe kwanza ndipo bega. Alihamisha mashine yake ya kuchomelea kutoka karakana hadi uani kwake, na wateja, ambao wangeweza kabisa kwenda kwa fundi mwingine, wakamfuata huko huko. Tangi la maji lililokaa juani lilimpa maji ya uvuguvugu ya kumwogesha mgonjwa bila kuhangaika na moto. Mke wa dereva alipita karibu kila asubuhi kuuliza wanataka nini sokoni. Fundi alivipokea vyote hivyo kama mtu anavyopokea bakuli lake lililoazimwa: aliangalia kama ni zima, akaliweka mahali pake.

Sala ya jioni ikamwangukia yeye. Mara ya kwanza alikaa muda mrefu akitazama meza, akijua kwamba upande wa pili kuna mtu anayeweza kuomba vizuri mara mia na hawezi kufungua kinywa. Mwishowe akasema, "Bwana, mrudishie sauti. Amina." Kesho yake akasema hivyo hivyo. Keshokutwa pia. Alikuwa anaomba kama anayeagiza nondo dukani: aina moja, unene mmoja, na haondoki kaunta mpaka aletewe.

Kila Jumatano alikwenda kwenye kikundi cha maombi, kilichokuwa kinazunguka nyumba za waumini. Utaratibu wa kikundi ulikuwa mwepesi. Kila mtu anataja kwanza jambo la shukrani, kisha hitaji lake. Mwinjilisti aliyeongoza alikuwa mtu mpole, mwenye kawaida ya kusinzia macho wazi wengine wakiomba kwa kirefu, ila utaratibu huo aliushikilia kwelikweli.

"Fundi, shukrani yako?"

"Sina. Hitaji ni lile lile, mke wangu apate sauti."

"Hata kidogo huna, baba?" akauliza mama mmoja mshonaji, aliyependa kumtania. "Hata chai ya asubuhi hukunywa?"

"Nilikunywa. Nilipika mwenyewe."

Kikundi kikaangua kicheko, na Mwinjilisti naye akacheka, lakini Fundi hakuwa anatania. Ndivyo alivyoona mambo. Chai alipika yeye, uji alipika yeye, mgonjwa alimgeuza yeye. Majirani ni watu wazuri, na watu wazuri wapo. Maji ya tangi ni ya moto kwa sababu jua linawaka. Kilichobaki kwa Mungu ni kitu kimoja tu, nacho hakijaja. Mtu asimseme vibaya kwa hilo. Hakuwa mkaidi wala mwenye kiburi. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huhesabu kilichopungua.

Nywele zikaleta shughuli nyingine.

Mke alikuwa na nywele nyingi, nzito, na zamani alizisuka kwenye saluni iliyotazamana na karakana. Baada ya hospitali zilijiviringa zikawa kitu kimoja. Msusi akaja nyumbani na vifaa vyake, kwa moyo mzuri, lakini mgonjwa alimwona mlangoni tu akageuza uso ukutani, wala hakuugeuza tena mpaka msusi alipoondoka. Hakutaka mtu aone mdomo wake. Wageni wa kanisani wakija, alijifunika mtandio mpaka chini ya macho. Akina mama wakashauriana kwa sauti ya chini kwamba labda anyolewe. Mgonjwa alisikia. Alikishika kichwa chake kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akawakazia macho mmoja mmoja, na suala la wembe halikutajwa tena.

Basi Fundi akaenda saluni. Alikaa kwenye benchi katikati ya wanawake, kofia yake mapajani.

"Fundi, umekuja kupima dirisha?" Msusi alimwuliza.

"Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kusuka."

Saluni nzima ikalipuka kwa vicheko. Mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, alicheka mpaka akaomba maji. Fundi aliwaacha wamalize. Walipoona hainuki, wakanyamaza, na Msusi akavuta kiti kibovu, akafunga nyuzi za sufu kwenye mgongo wa kiti na kumwonyesha. "Shika tatu. Ya pembeni ipite katikati. Sasa okota kidogo chini, changanya. Tena. Tena, usitazame mlango, hakuna anayekupiga picha." Fundi alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu, lakini vilikuwa vidole vya kazi, vikashika.

Hapa ndipo tatizo lilipoanzia. Msusi alimfundisha kushika, kugawa na kuokota. Kulegeza hakumfundisha. Hakuna msusi anayefundisha hilo, kwa sababu halihitaji mwalimu: ukimkaza mteja kupita kiasi, mteja mwenyewe anapiga yowe.

Jumamosi ikawa siku ya nywele. Fundi alimkalisha mkewe kwenye kiti karibu na dirisha, akamwekea mito pembeni asiegemee upande, akaketi nyuma yake kwenye stuli. Alisuka kama alivyojua kufanya kila kitu. Kwanza alichora mistari kichwani kwa chaki ile ile ya kuchorea vyuma, akiipima kwa rula. Kisha alishikiza mwanzo wa kila mstari, kama anavyoshikiza kona za geti kabla ya kulichomelea lote. Kisha akavuta. Kwake yeye kitu kilichofungwa kinatakiwa kisichezecheze. Alivuta kila fundo kama anavyovuta waya kwa koleo, na alipofika kisogoni alirudi mbele kukagua kama kuna uliolegea. Mistari ilitoka imenyooka ajabu. Nyusi za mkewe zilipanda juu kidogo, akawa na sura ya mtu aliyeambiwa habari ya kushangaza, na Fundi akaona sura hiyo ina uchangamfu kuliko ile ya zamani.

Ila kila Jumamosi mke alitokwa na machozi.

Hayakuwa machozi ya kelele, maana kelele hakuwa nayo. Yalitiririka tu. Fundi alisimamisha kazi, akazunguka mbele, akapiga magoti na kumtazama. Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, kwaya ya kanisa ilikuwa inafanya mazoezi yake ya Jumamosi. Kabla ya kuugua mke alikuwa akiimba sauti ya pili. Fundi akajumlisha moja na moja.

"Ni nyimbo?" akamwuliza. "Unasikia wenzako wanaimba?"

Mke akainua mkono wa kushoto, akagusa kichwa juu ya sikio, akapigapiga pale.

"Unasikia. Pole, mke wangu. Pole sana."

Akaenda kufunga dirisha. Aliporudi, mke alikuwa amefumba macho, na machozi hayajakoma. Fundi akashika chanuo na kuendelea na kazi, kwa uangalifu zaidi, yaani kwa kukaza zaidi. Jumamosi iliyofuata alifunga dirisha mapema. Machozi yakaja vile vile, na mke akagusa kichwa vile vile. Fundi aliamini kwamba sasa mkewe anazisikia nyimbo moyoni, na roho ikamuuma vibaya sana. Kwenye sala ya jioni aliongeza sentensi ya pili: "Na umwondolee huzuni yake ya Jumamosi."

Mke alikuwa na dada mkubwa, mkunga mstaafu, aliyeishi mji mwingine. Huyo alikuwa mwanamke mwenye sauti na mwili na uamuzi. Alipiga simu mara kwa mara kuuliza hali, na siku moja Fundi, aliyekosa mtu wa kumwambia, akamwambia kuhusu machozi.

"Shemeji," Mkunga akasema, "mimi sikulaumu. Umejitahidi, Mungu anaona. Lakini mtu mwenye huzuni ya namna hiyo hawezi kukaa na mwanamume mmoja na mashine inayotoa cheche. Mimi nina chumba cha chini, nina binti zangu, nina muda. Jumamosi nakuja na gari, namchukua mdogo wangu."

"Kwa siku ngapi?"

"Shemeji, hatukuazimana sufuria. Akae mpaka apate nafuu."

Fundi alishusha simu, akakaa nayo mkononi. Angeweza kubishana, lakini aseme nini? Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Mashine inatoa cheche. Mkewe analia. Na daktari ameshasema sauti inaweza isirudi, kwa hiyo "mpaka apate nafuu" inaweza kuwa mpaka mmoja wao azikwe. Jumatano ile kwenye kikundi hakusema hitaji la sauti. Alisema, "Ombeni nisinyang'anywe mke wangu," akakaa chini, na mama mshonaji hakumtania.

Jumamosi ikafika. Fundi aliamka akafagia mpaka nyuma ya mlango. Alifunga dirisha. Kisha akamsuka mkewe kama hajawahi kumsuka, maana alitaka shemeji aone kwa macho yake kwamba nyumba hii haijashindwa. Alichora mistari upya mara mbili. Alivuta mpaka vidole vikamuuma. Ilipofika saa ya gari kupiga honi nje, mkewe alikuwa ameketi kitini amevaa gauni safi, nyusi ziko juu kuliko siku zote, na machozi yanateremka mashavu yote mawili.

Mkunga aliingia, akaona, akaweka mkoba wake chini.

"Haya. Ndiyo hayo machozi?"

"Ndiyo. Ni kwaya."

"Kwaya gani? Mbona sisikii kitu?"

"Nimefunga dirisha."

Mkunga alimtazama Fundi, akalitazama dirisha, akamwendea mdogo wake na kumshika kichwa amkumbatie. Mgonjwa akaruka kitini kama aliyeguswa na kaa la moto. Mkunga aliwapokea watoto wengi maishani mwake, na wengi wao wakati mama zao hawana nguvu hata ya kusema panapouma. Aliinama, akaangalia kwenye paji la uso, mahali nywele zinapoanzia. Palikuwa na vipele vyekundu vilivyopangana mstari mzima, kila kimoja mbele ya msuko wake.

"Shemeji, njoo hapa. Hii nini?"

"Mistari."

"Umemsuka, au umemfungia nondo?"

Hakungoja jibu. Alianza kufumua. Alifumua msuko wa kwanza, na upande mmoja wa paji la uso ukashuka. Alifumua wa pili, wa tatu. Nyusi zikateremka polepole zikarudi kwenye nyumba yao. Msuko wa mwisho ulipoachia, mke alivuta pumzi ndefu, akaitoa, machozi yakakoma pale pale. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi akashtuka, akidhani ni kiharusi kingine. Hakikuwa kiharusi. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya mdomo, bila sauti, huku amegusa kichwa juu ya sikio na kukipigapiga, akimwangalia mumewe kwa macho yaliyosema: hapa, hapa, nimekwambia hapa!

Mkunga naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwaya! Ati kwaya! Mwanamume anafunga dirisha!" Alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, na kicheko kilipoisha sauti yake ikabadilika. "Lakini si mchezo, shemeji. Miezi yote hiyo mtu anaumia kila wiki, na hakuna aliyejua. Sasa umeona kwa nini namchukua."

Fundi aliingia chumbani, akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo za mkewe. Alipanga vizuri, za kushinda peke yake na za kulalia peke yake. Mikono ilikuwa inafanya kazi na yeye mwenyewe hayupo. Aibu ilikuwa imemjaa. Alikuwa anamuumiza kwa mikono yake mwenyewe, kisha jioni anafumba macho kumwuliza Mungu mkewe analia nini. Na jibu alikuwa nalo mbele yake. Mkewe alimwonyesha kwa mkono, kila Jumamosi, na yeye akaenda kufunga dirisha. Kama lile lilimpita, mangapi mengine yalimpita? Alimkumbuka dereva akikimbia na mkewe mikononi, kiatu kimoja kimemvuka mguuni. Alimkumbuka Msusi na kile kiti kibovu. Akakumbuka jinsi alivyosema chai alipika mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze, ingawa hapakuwa na mtu chumbani. Alifunga begi, akalibeba, akatoka.

Mkunga alikuwa amesogeza stuli nyuma ya kiti. Chanuo liko mkononi mwake na tayari amegawa nywele sehemu ya kwanza.

"Namsuka mimi kabla hatujaondoka," akasema. "Vizuri, na kwa adabu."

Mgonjwa aliliona begi. Alilitazama, akamtazama mumewe. Kisha akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, akapapasa mpaka akaupata mkono wa dada yake, na akalishika chanuo. Mkunga akafikiri anataka kulishika tu, akaliachia. Mke akalileta mbele. Halafu akanyoosha mkono mbele kabisa, akimpa mumewe.

"Anataka uliweke kwenye begi," Mkunga akasema.

Mke akafumba macho kwa nguvu na kugeuza uso ukutani. Hiyo kwao ilikuwa hapana, na Mkunga hakuhitaji kutafsiriwa. Mkono bado ulikuwa umenyooshwa. Fundi alisimama na begi lake.

"Mke wangu, mimi ndiye niliyekuumiza."

Mkono haukurudi.

"Mimi, si kwaya. Mimi."

Mke akarudisha uso, akamtazama kwa ile subira ya mtu mwenye mume mgumu kuelewa, na akatikisa chanuo mara moja hewani, kama kusema nitachoka sasa hivi, shika.

Fundi akaweka begi chini. Alikwenda kunawa mikono, akarudi, akakaa kwenye stuli ambayo shemeji yake alikuwa ameshaiacha. Safari hii hakuchukua chaki wala rula. Kila alipookota nywele alisimama na kuuliza, "Hapa je?" Mke alishusha mkono wake na kuuweka kwenye goti la mumewe. Ikiuma, anapiga goti. Fundi analegeza. Haiumi, mkono umetulia. Walisuka hivyo, mume akiuliza na mke akijibu, mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo tangu augue. Mkunga alikwenda jikoni akajipikia chai, akarudi akakaa kwenye kochi na kikombe, akitazama bila kutoa neno, jambo ambalo kwake lilikuwa juhudi kubwa.

"Mstari wa kwanza umepinda," hatimaye akasema.

"Najua."

"Na wa pili."

"Najua, shemeji."

Mkunga akanywa chai mpaka ikaisha. Akainuka, akalichukua begi, akalirudisha chumbani mwenyewe. Walimsikia akifungua kabati na kuning'iniza magauni, akigombana na hanga. Alipotoka alifungua dirisha, akawa kama anatafuta kitu nje. Kwaya ilikuwa imefika kwenye wimbo wa mwisho, na sauti ya pili ilikuwa inakosea palepale ilipokuwa ikikosea siku zote. Mke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na upande mzuri wa mdomo wake ukatabasamu kwa kejeli.

"Nitarudi mwezi ujao kukikagua hicho kichwa," Mkunga akamwambia Fundi mlangoni, gari likiwa linaunguruma. "Nikikuta kipele kimoja, shemeji, kimoja tu, tutaonana wabaya."

"Utakuta mistari imepinda."

"Ipinde."

Jioni Fundi alipakua chakula, akamsogezea mkewe kijiko upande wa kushoto, akakaa. Alifumba macho. Alizoea kufungua kinywa na sentensi ikawa ipo tayari, lakini jioni hiyo alianzia mahali pengine kabisa. Alimshukuru Mungu kwa dereva na kwa kiatu chake kilichomvuka. Alimshukuru kwa mke wa dereva. Kwa Msusi, na kwa wale wanawake waliomcheka kisha wakanyamaza. Kwa nesi aliyesema goti kwanza. Kwa wateja waliofuata mageti yao mpaka uani. Kwa tangi. Kwa shemeji, mdomo wake pamoja na macho yake. Kisha akasema, "Nisamehe, Bwana, nilikuwa nafunga dirisha." Akaendelea. Hakuwa na ufasaha wa mkewe, alijikwaa, akarudia tangi mara ya pili, akataja hata chai. Mvuke ulikuwa umeshakata juu ya sahani. Chini ya meza mkono ulimpiga goti, mara moja, kwa nguvu.

"Amina," akasema haraka, na wakala.

Baadaye alikusanya vyombo, akavipeleka kwenye karai, akakunja mikono ya shati. Alikuwa na sahani ya mkewe mkononi, sabuni inachuruzika, ndipo alipokumbuka kwamba hakuomba sauti. Alisimama vile vile. Tangu siku ile ya kwanza hajawahi kuiruka hata jioni moja. Aligeuka atazame sebuleni. Mkewe alikuwa ameketi chini ya taa, mistari imepinda, anajipapasa kichwa taratibu kwa mkono wa kushoto, hana haraka na mtu. Fundi alifikiri kama afute mikono arudi mezani akaombe. Kisha akaisuuza sahani, akaiweka ichuje maji, akachukua nyingine.